Mbuke Hasafishwi

Mbuke alikuwa mgongaji wa mawe, na wagongaji hawana subira na maneno laini. Alifanya kazi kwenye duara la Theonest, shimo la dhahabu nje kidogo ya mji wa Geita, akipasua mawe kwa nyundo mpaka yawe madogo ya kuingia kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Walihamia huko kutoka Mhunze, yeye na mumewe Ngusa, binti yao Lusia, na mama mkwe wake aliyeitwa na wote Mama Ngusa.

Duara lile lilikuwa na mwiko. Mwanamke anayeona siku zake hasogelei mdomo wa shimo, maana dhahabu, walisema, inakimbia damu. Kwa hiyo wagongaji walikaa mbali, upande wa karasha. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyepeleka sufuria ya ugali mpaka mdomoni: Mama Ngusa, ambaye hedhi ilikoma zamani. Bibi yule aliibeba heshima hiyo kichwani pamoja na sufuria, na ole wako umpite bila shikamoo.

Wauguzi walipokuja machimboni kupima mlango wa kizazi chini ya turubai, Mbuke alikwenda. Alitaka mtoto wa pili na hakuwa anampata. Nesi Salome akapaka siki ya kupimia, akaona weupe hafifu, akampeleka hospitali mjini akatolewe kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yaliporudi alimweleza wazi.

"Mama Lusia, si kansa. Ni mabadiliko ya mwanzo, ya daraja la chini. Yanaletwa na kirusi ambacho wengi wetu tunakipata tukishakuwa na wanaume. Mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe, na pale panarudi sawa."

"Na usipokifukuza?"

"Ndiyo maana utarudi baada ya mwaka tupime tena. Yakizidi, tunayatibu mapema. Usiporudi umekosea. Ukiweka midawa ya kujisafisha huko ndani umekosea zaidi. Utajichubua, utapata vidonda, na huyo mtoto unayemtaka utamtafuta kwa shida."

Mbuke alielewa upesi. Jiwe likionyesha rangi hafifu ya dhahabu kwenye karai, mwenye akili hauzi ng'ombe ili achimbe, wala halitupi. Analiweka, halafu anapima tena.

Kosa lake lilikuwa kumwambia Ngusa. Ngusa, maskini, si mtu mbaya, ila mdomo wake hauna kitasa. Alimwambia mwenzake wa zamu, na kesho yake machimbo mazima yalijua kwamba Mbuke ana kansa ya kizazi. Duara nalo msimu ule lilikuwa kavu, mifuko inapanda na mawe matupu. Watu walikuwa wanatafuta mkosi, na sasa walikuwa wameupata umekaa na nyundo.

"Mama Lusia, sina ugomvi na wewe," Theonest alisema mbele ya wote. "Lakini mwenye kansa hakai kwenye mawe yangu. Kasafishwe kwanza, ndipo urudi."

"Sina kansa."

"Wamekukata nyama hospitali, halafu huna kansa?"

"Wewe ukipimwa malaria si unatobolewa kidole? Kila ukitobolewa unakutwa nayo?"

Wagongaji walicheka. Theonest hakucheka, na siku ileile Mbuke alirudi nyumbani na nyundo yake begani.

Huko alimkuta mama mkwe ameshajiandaa. Unga wa mizizi, umefungwa kwenye pamba.

"Weka usiku, asubuhi utakuwa safi," alisema Mama Ngusa. "Mimi naijua dawa hii."

"Siweki, mama."

"Unataka mwanangu naye afukuzwe?"

"Akifukuzwa tutakula kokoto."

Na kokoto kweli. Mbuke alikaa kando ya barabara ya kwenda duarani, palepale anapopita Theonest kila siku na pikipiki yake, akawa anapasua mawe ya kuwauzia wajenzi. Angeweza kukaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, asionekane. Hakutaka. Waliomcheka aliwaamkia kwa sauti kubwa, mmoja mmoja, kwa majina yao. Ngusa akambembeleza: weka tu, mke wangu, yaishe. Mbuke akamjibu, "Kwani kizazi changu ni cha duara?" Ngusa akajigeuza ukutani.

Usidhani hakuogopa. Tumbo likivuta kidogo tu, aliwaza kansa. Kuna siku aliichukua ile pamba akaitazama kwa muda mrefu. Halafu aliitupa chooni, akaenda kupika.

Mwaka ulipotimia alirudi kwa Salome. Siki haikuonyesha weupe, na kipimo cha kirusi kiliporudi hakikuwa na kitu. Salome akampa tarehe nyingine ya kupima mbele ya safari, maana mambo haya hayaagwi mara moja. Mbuke aliimba njia nzima. Alipofika alimwambia mama mkwe bila kukaa.

"Niko safi, mama. Na hakuna aliyenisafisha."

Alingoja aombwe radhi, au abezwe. Bibi aliendelea kuchambua mchicha. Kisha akauliza, macho yako kwenye ungo, "Hiyo siki. Inawasha sana?"

"Kidogo tu. Kwa nini?"

Bibi aliuweka ungo chini.

"Mbuke, natokwa damu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla wewe hujapimwa. Ile dawa naiweka kila wiki. Inakata, halafu inarudi."

Hasira ilimpanda Mbuke mpaka masikioni. Mwaka mzima yeye ameitwa mkosi, na mwaka mzima huyu mama amepeleka sufuria mdomoni mwa shimo na damu yake, akiificha ili asinyang'anywe sufuria. Alitaka kupiga kelele. Badala yake alikwenda mlangoni akamletea yule mama viatu vyake.

"Vaa viatu, mama."

"Si wewe uliambiwa usubiri mwaka?"

"Kusubiri kulikuwa kwangu. Damu ya mtu aliyekwisha koma hedhi haisubiriwi hata wiki. Tunakwenda kwa daktari leo."

Njia ya kwenda stendi inapita duarani. Ilikuwa saa ya chakula, na Theonest alikuwa amesimama mdomoni mwa shimo na vijana wake, wote na njaa.

"Mama Ngusa! Sufuria iko wapi?"

Bibi alisimama. Mbuke alidhani atadanganya, akambana mkono. Lakini mama yule aliuchomoa mkono wake, akapiga hatua hadi ukingoni, akasimama pale aliposimama siku zote.

"Natokwa damu, Theonest," alisema, kila mtu akasikia. "Mwaka mzima natokwa nayo hapahapa. Chakula jipikieni."

Kisha akamgeukia mkwewe. "Twende, mwanangu."

Wakaenda.