Uthibitisho Nilioukimbilia Chooni

Jamani, hili nalisema kwa kuwa Newala nzima wanalijua, bora mlisikie kwangu kabla halijatiwa chumvi, ingawa chumvi yenyewe halihitaji.

Mnajua nafundisha hisabati sekondari hapa Masasi, na mnajua nilivyokuwa nahangaika kumuoa Salima. Baba yake, mwalimu mstaafu, ameanza shahada ya hisabati kwa masafa uzeeni, na kinachomsumbua ni uchanganuzi, ile hisabati ya chuo kikuu ambayo namba ni chache na "thibitisha" ndizo nyingi. Nikamtafutia mtandaoni kitabu cha kuanzia (vipo, waandishi wenyewe wameviweka bure, unapakua bila kumwibia mtu), nikakichapisha na kukijalidi. Sasa, kwa desturi mposaji hajipelekei posa, anabaki kwao wazee waende kusema, na Mjomba, msemaji wetu, alinikataza kabisa, lakini mimi na kiherehere changu nikapanda nao Newala ili nikabidhi kitabu kwa mkono wangu nionekane.

"Umekisoma?" Baba Salima akaniuliza.

"Chote, baba."

(Nilikuwa nimesoma jalada na ukurasa wa shukrani.)

"Huyu vitabu anavitafuna kama korosho," Mjomba akadakia.

Mzee akafurahi, akafunua kurasa, akaweka kidole. "Afadhali. Hapa wanasema mfuatano wa namba hauwezi kuwa na vikomo viwili, yaani hauwezi kusogelea namba mbili tofauti kwa mpigo, halafu uthibitisho wanamwachia msomaji. Jambo hili limenishinda siku nyingi. Hebu tuoneshe, mwanangu." Akatoa ubao wake wa tuisheni, akanipa chaki, wazee wote pale mkekani uani wamenikodolea macho, na Salima kasimama mlangoni.

Nikaandika "Tuseme vipo viwili". Nikapiga mstari chini yake. Nikapiga mstari wa pili, kisha nikaomba kwenda msalani.

Mama Salima akanipa ndoo nzima ya maji. Nzima! Newala hii ambayo maji ni ya kuhangaikiwa, mgeni hupewa kopo, ndoo ile ilikuwa heshima ya mkwe. Nikajibanza kwenye choo cha makuti, nikatafuta video ya mhadhara kwenye simu, nikabonyeza, kumbe sauti iko juu mpaka mwisho: "Karibuni wanafunzi! Leo tunathibitisha kwamba kikomo ni kimoja tu!" Katika kuhangaika kuizima nikaipiga ndoo teke, maji yakapita chini ya makuti mpaka kwenye mkeka wa wazee, na mhadhiri anaendelea: "Tuseme vipo viwili..."

Nilipotoka hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mama Salima alikuwa anaitazama ardhi iliyolowa, Mjomba anatazama viatu vyake.

"Mwanangu," Baba Salima akasema polepole, "mwalimu sikumhitaji, nimefundisha maisha yangu yote. Nilitaka mtu wa kukwama naye."

Mpaka leo nikikumbuka maneno yale najifunika uso, hata nikiwa peke yangu. Posa haikukataliwa, walisema watatuita, na wiki zikapita kimya. Salima akaniambia baba yake hana hasira, ana huzuni, na hilo likaniuma kuliko kufukuzwa.

Basi nikaanza kukisoma kitabu, kweli safari hii, tangu mwanzo. Juzi nikapiga moyo konde, nikamwandikia: "Shikamoo baba. Nimefika sura ya pili, sijaelewa kitu."

Akajibu: "Marahaba. Hata mimi. Njoo Jumamosi, uje na mjomba wako."

Nitakwenda. Na nikiulizwa kama nimesoma, hata liwe tangazo la ukutani, nitaanza kwa kusema sijui.