Nyumba Iliyokaribisha Mvua

Silvester alikuwa fundi mwashi wa kuheshimika pale Makanyagio, na kijiba cha roho kilichomkaba mwaka ule alijijengea mwenyewe, tofali kwa tofali.

Mdogo wake, Amedeus, ndiye aliyempa kazi. Alitaka nyumba ya tofali za kuchoma inayozunguka ua mdogo usioezekwa. Vyumba vyote vifungukie hapo, mpapai uliokuwepo uachwe, na mvua inyeshe katikati ya nyumba kisha itokee nje kwa bomba lililopita chini ya sakafu. Silvester alicheka hadi akakalia ndoo.

"Sasa bati unanunua la nini?"

Lakini kazi ni kazi. Akaijenga, na kwa kuwa alikuwa fundi kweli, akaijenga vizuri mno.

Baadaye mama yao, Agatha, alishindwa na miguu huko shambani Usevya, akaja mjini. Akafikia kwa mkubwa, kama ilivyo desturi. Silvester alikuwa amemwandalia chumba cha marumaru, dari ya jipsamu na feni. Nje alikuwa amekata miti yote na kumwaga zege hadi ukutani. Mama akakaa siku tisa. Ya kumi akaenda kumsalimia Amedeus, akatandika mkeka uani, akaomba ungo apete mchele, kuku wakimzunguka. Hakurudi tena.

Hilo lilimuuma Silvester kuliko tusi. Majirani wakimuuliza mbona mama haonekani, alisema ana mafua. Kila alipopita kwa mdogo wake alimkuta mama anacheka na wajukuu. Kwake hakuwa amecheka hata mara moja. Siku moja, wenyeji wote, mama akiwemo, wakiwa kwenye sala ya jumuiya, aliingia uani, akafunua mfuniko wa bomba, akashindilia kiroba ndani kabisa, akafunika. Mvua ya kwanza ingefurika hadi vyumbani, na mama angerudi anakostahili kukaa.

Mvua ikaja Novemba, mchana, tena ya kishindo. Silvester alikaa na simu mkononi. Haikulia. Uvumilivu ukamwishia, akapanda bodaboda akaenda, akaloa chapachapa.

Alimkuta Agatha kitini, maji yako kwenye vifundo vya miguu, mkeka unaelea, na hana habari ya kuondoka. Amedeus alikuwa akichota maji kwa ndoo.

"Afadhali umekuja, kaka. Bomba limeziba na sijui hata nianzie wapi."

Silvester akapiga magoti majini. Mkono wake haukutafuta. Ulizama bombani hadi begani, ukatoka na kiroba, na maji yakaanza kushuka. Amedeus akamshukuru sana, akaenda kuleta fagio.

Agatha alikitazama kile kiroba, kisha akamtazama mwanawe mkubwa. Alisema kwa sauti ya chini, Amedeus asisikie.

"Ungenipandia hata mti mmoja, baba, ningerudi."