Choo cha Ijumaa

Nilijifunza kuongoza proje, yaani miradi, kwa siku tano, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Katindo, hapa Goma, na siku ya sita nilijiona kama mimi ndiye niliyevumbua kalenda. Mwalimu alitufundisha kronograme: kazi zinashuka upande wa kushoto, majuma yanakaa juu, na kila kazi unaipaka kijani mpaka siku itakapoisha. Niliipenda ile karatasi, jamani! Niliibandika nyumbani, juu ya kitanda.

Proje yangu ya kwanza ilikuwa vyoo kumi katika kambi ya watu waliokimbia vita, nje kidogo ya Goma. Mimi ni wa Kalengera. Kwetu udongo ni laini. Watu wawili wanachimba shimo la choo siku mbili, wanamaliza na nguvu ya kucheka wangali nayo. Basi nikaandika kwenye kronograme ya proje: shimo moja, siku mbili. Sikumuuliza mtu.

Hema lililokuwa karibu kabisa na kazi yetu lilikuwa la mama mmoja mzee, mguu umemvimba. Choo cha zamani kilikuwa mbali, juu ya mawe makali, na alikwenda huko akishikwa mkono na binti yake.

"Papa," akaniuliza, "choo yetu itaisha siku gani?"

"Ijumaa, mama."

"Ijumaa ya kweli?"

"Ya kweli kabisa." Na karatasi nikamwonyesha, ati.

Jumatatu wachimbaji walipiga baramina, zile fimbo nzito za chuma, cheche zikaruka. Chini ya udongo wa kimo cha kidole kulikuwa jiwe la volkano tupu. Jumatano shimo lilifika magotini. Mkubwa wao, muzee wa hapa hapa Goma, akaniangalia kwa huruma iliyoniudhi.

"Shefu, hapa shimo moja ni majuma matatu. Kuuliza si ujinga."

Nikamfokea. Nikamwambia kronograme imekwisha kukubaliwa na ofisi. Loo, upumbavu gani ule! Yeye akaokota chuma chake, akaendelea kupiga.

Ijumaa ikapita. Nikamwahidi mama Ijumaa nyingine, kisha nyingine, maana sikuwa na ujasiri wa kusema sijui. Binti yake ndiye aliyenieleza, tumekwisha kuchelewa, kwamba mama ameacha kunywa maji. Anaonja tu, ili asilazimike kupanda yale mawe.

"Anasema atavumilia mpaka Ijumaa."

Alisema hivyo bila kunilaumu. Afadhali angenitukana.

Nilikimbia kumtafuta muuguzi. Walimtundikia maji, lakini figo zilikuwa zimekwisha kuchoka. Alikufa Jumanne, shimo letu limefika kifuani.

Ofisini waliniuliza sababu ya kuchelewa. Nikaandika: udongo mgumu. Wakakubali, wakapaka njano mahali pa kijani, tukaendelea na mkutano. Aibu ya siku ile bado inaniwasha.

Kesho yake binti akaja pale tulipochimba, kitambaa cha kilio kichwani. Makaburini nako ni jiwe, akasema, na vijana wa kambi hawana vyuma. Je, wachimbaji wangu wangeweza kumsaidia?

"Watu wa kilio wanauliza tutamuzika siku gani, papa."

Nikamwendea yule muzee, nikamuuliza kaburi litachukua siku ngapi. Akasema mbili, wakilichimba wote pamoja, tena la kina cha magotini tu.

Nikarudi kwa binti, nikamwambia tatu.