Mama Haishi Hapa

Ukihama nyumba Ubelgiji, serikali haikuamini mpaka ikuone. Uwe na mkataba, uwe na bili ya umeme, jina lako liwe limebandikwa kwenye kengele, bado hujahama. Unakwenda komuni, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, kutangaza anwani mpya, kisha unarudi kumngoja polisi wa mtaa aje kuhakikisha kwamba unalala hapo. Hasemi siku wala saa. Nadhani aliyetunga utaratibu huu hajawahi kufanya kazi ya zamu, na kila alipogongewa mlango na polisi alifurahi.

Mimi na mama tulikuwa tumeishi miaka minane nyuma ya uwanja wa Flagey. Mwenye nyumba akaamua kuuza, tukahamia komuni nyingine, ambayo sitaitaja kwa sababu bado nitahitaji karatasi zao. Siku ya pili tu nilikwenda kutangaza, masanduku yakiwa hayajafunguliwa. Nilikuwa na haraka yangu. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. Biblia aliisoma akiwa ameigusisha na pua. Hospitali ilikuwa imempa tarehe ya kupasuliwa baada ya kungoja karibu mwaka mzima, na bima ya matibabu ingelipa, ilimradi jina lake liwe ndani ya daftari la komuni. Jina likitoka, bima inatoka, na upasuaji unatoka. Ni rahisi hivyo.

Polisi alikuja saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikiwaogesha mama wa watu wengine. Mama yangu alichungulia dirishani, akaona vazi la polisi, akaongea naye kupitia kipaza sauti cha kengele kwa Kifaransa chake cha kanisani. Alimwambia kwamba humo hakuna mtu, kwamba yeye mwenyewe ni mgeni, amepita tu kusalimia. Yule polisi akamuuliza jina, akashukuru, akaandika, akaenda zake.

Jioni mama alinisimulia akiwa ametulia, hata na kaujanja fulani usoni. Nilipoanza kupandisha sauti alinikatiza.

"Aliuliza nani analala humu," akasema. "Bon, nani anajibiaka ile swali?"

Kwetu Kivu, mwenye bunduki anayeuliza nani analala ndani hajaleta dawa ya macho. Swali hilo mama aliwahi kulijibu mlangoni zaidi ya mara moja, sisi watoto tukiwa tumejibana nyuma ya magunia ya mkaa, na kila mara alijibu vilevile: hakuna mtu, mimi ni mgeni. Ndivyo tulivyopona. Lakini nilikasirika hata hivyo. Nilimwambia hapa si kule, nikamwambia ameniharibia kila kitu, maneno ambayo mtu hamwambii mzazi wake. Akaenda kumenya ndizi.

Baada ya siku kadhaa barua ikaja. Ilisema uchunguzi umeonyesha kwamba mama haishi kwenye anwani aliyoitangaza, na jina lake linapendekezwa kufutwa; langu halikutajwa, kwa kuwa si mimi niliyekana. Barua yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa jina lake na kuletwa kwenye anwani hiyohiyo asiyoishi. Niliisoma mara tatu nikitafuta mtu mle ndani aliyeliona jambo hilo.

Kisha nikaanza kuzungushwa. Randevu, yaani miadi, inapatikana kwa kompyuta peke yake, na kompyuta ikanijibu kwamba anwani ya mhusika inachunguzwa, hivyo niende dirishani, kule ofisini kwao. Dirishani wakaniambia bila randevu hawapokei. Nikapiga simu, nikasikiliza muziki wao mpaka nikaujua, nikakatiwa. Mara ya tatu nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikamchukua mama mwenyewe, nikamsimamisha mbele ya kioo kama mtu anayerudisha sufuria dukani. Karani wa dirishani alivua miwani, akamtazama, akatazama karatasi. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba hana shaka mama yupo, anamwona. Lakini yeye hana kazi ya kujua kama watu wapo, kazi yake ni kujua wanaishi wapi, na mama ametamka mwenyewe kwamba haishi pale.

Nilichemka. Nilimuuliza, basi mtu ambaye haishi popote anakula wapi. Alisema hilo linashughulikiwa na ofisi nyingine.

Nikiwa kwenye metro kurudi nyumbani niliwaza kwa hasira. Kwetu serikali hatukuijua. Barabara ilikufa, walimu walilipwa na wazazi na jamaa, na serikali tuliiona ilipokuja kuchukua kitu. Nilipofika Ulaya nilisema asante Mungu, hii sasa ni serikali yenyewe, inasomesha, inatibu, inajua jina langu. Hakuna aliyeniambia kwamba itataka pia kuuona mswaki wangu. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba siwezi kuichukia sawasawa. Ni hiyohiyo iliyokuwa inataka kumrudishia mama macho, na hiyohiyo iliyokuwa inamfuta, na mikono yake miwili haijuani. Kule tulijificha wasituone. Huku usipoonekana umekwisha. Mama wa miaka sabini abadilike lini?

Mwishowe walikubali kumtuma polisi mara ya pili. Ilikuwa imebaki wiki moja kabla ya upasuaji. Niliomba likizo siku tano mfululizo, nikakaa nyumbani nikisikiliza ngazi. Nilimfundisha mama la kusema. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri marefu.

Polisi alikuja siku ya nne, mtu mzima, viatu vimelowa, akavifuta vizuri mlangoni. Aliona mswaki, aliona kitanda. Akaomba kuona nguo za mama. Nikamfungulia kabati kwa fahari, na kabati lilikuwa tupu. Kulikuwa na hanga tu. Nguo zote za mama zilikuwa ndani ya begi chini ya kitanda, zimekunjwa, zipu imefungwa, na juu yake kanga ya kubebea. Mimi mtoto wake, ninayelala chumba cha pili, sikuwa nimejua. Nikikumbuka vizuri, hata Flagey kabati lake sikuwahi kulifungua.

Polisi alitazama begi, akanitazama mimi. Hakuwa mkali. Alisema anataka kumsikia mama mwenyewe, nimtafsirie tu: je, anaishi hapa?

Nilimuuliza mama. Nilimwomba kwa macho aseme lile neno moja nililomfundisha. Mama alikaa kitandani, halafu akaniuliza mimi, si polisi.

"Akiandika kama naikala hapa, alors kwetu sitarudiya tena?"

Kwetu nyumba ilichomwa, na waliobaki kule tunawajua kwa sauti za simu. Yote hayo mama aliyajua kuliko mimi, na mimi nilidhani tulikwisha kukubaliana, kimya kimya, zamani, kwamba hatungojei tena. Kumbe nilikuwa nimekubali peke yangu. Polisi aliuliza amesema nini. Niliwaza kuhusu jicho la kushoto.

"Amesema ndiyo," nikajibu kwa Kifaransa.

Akaandika. Nilikuwa nimesahau kwamba miaka minane ya misa za Kifaransa inamtosha mtu kulielewa neno hilo. Mama alinitazama kwa yale macho yake yenye ukungu, bila ukali wowote, na afadhali angenikaripia.

"Sikusema ile," akaniambia. "Lakini wewe na huyu polisi muandike tu yenye munapenda."

Polisi alinipa karatasi. Nikatia sahihi mahali pa mama.