Bi Harusi Yuko Maskati

Shida ya Bi Harusi wa Shela, Malindi (Harusi ni jina lake, bibi arusi alikuwa zamani), haikuwa kwamba aliogopa kusafiri. Wakati ule wa korona nani hakuogopa? Shida ni kwamba aliogopa baada ya kwisha kuaga.

Na kuaga, kwa watu wa Shela, si kupunga mkono. Anayekwenda safari ya mbali hupita mlango kwa mlango akiomba radhi, maana hajui kama atarudi, wala hajui kama anaowaacha atawakuta. Bi Harusi alipita mtaa mzima, barakoa imepanda mpaka chini ya macho, akisimama mbali na kila kizingiti.

"Nisameheni, jamani. Niliyoyasema mbele yenu na niliyoyasema nyuma yenu."

Watu walilia. Hayo ya nyuma walikuwa wakiyajua yote, lakini walilia. Kisha wakampa vitu vya kupeleka: achari ya embe, mabuyu, na papa mkavu aliyenuka hata baada ya kufungwa mfuko ndani ya mfuko.

Safari ilikuwa ya Maskati, kwa binti yake Widad, aliyeolewa huko kabla mipaka haijafungwa. Widad alikuwa na mimba yake ya kwanza. Na Bi Harusi, kama humjui, ndiye mkandaji wa mtaa. Mwanamke akijifungua, yeye ndiye huja na maji ya moto na mafuta ya nazi, akamkanda mgongo na nyonga, akamfunga mkaja, ile nguo ya kubana tumbo, hadi mzazi arudi kuwa mtu. Nusu ya wanawake wa Shela wamepita mikononi mwake. Sasa mwanawe wa kumzaa akandwe na nani mwingine?

Chanjo alikwisha kuchanjwa. Kipimo cha pua alipima, akapiga chafya ambayo muuguzi hataisahau, na majibu yakatoka safi. Basi asubuhi ya safari akapanda teksi ya Kavumbi, kijana wa mtaani, aende Mombasa kwenye ndege.

Walipofika daraja la Kilifi, redio ikasema ugonjwa umezuka kwa sura mpya huko ng'ambo, nao unaenea kwa kasi.

"Kavumbi, geuza gari."

"Bi Harusi, ndege haingoji mtu."

"Na kaburi je? Geuza, mwanangu."

Kavumbi akageuza. Akamrudisha Malindi kimya kimya, akamshusha kwenye uchochoro wa nyuma.

Nyumbani, mumewe, Mzee Uweis, alikuwa amekwisha kuanza kuufaidi upweke. Alijilaza sebuleni, miguu juu ya ule mto wa maua ambao hata wageni hawaruhusiwi kuuegemea.

"Mama Widad! Umerudi?"

"Sijarudi. Mimi niko Maskati."

"Ala!"

"Nimewaliza watu, Baba Widad. Mtaa mzima umenililia. Kesho nitoke na kikapu niende kununua mchicha? Kwa uso gani? Na hebu ondoa hiyo miguu kwenye mto wangu."

"Sasa utakaa Maskati humu ndani mpaka lini?"

"Mpaka hali itulie. Ikitulia nitaondoka, na huu uongo utakuwa umekuwa kweli."

Widad alipopigiwa simu akauliza swali lile lile. "Itatulia lini, mama?"

"Ikitulia."

"Mama, mtoto hajui habari ya kutulia. Yeye yuaja mwezi ujao." Kisha akashusha sauti. "Lakini usijali. Mama mkwe amesema atanikanda yeye."

"Kwa mafuta gani?"

"Ya zeituni."

Bi Harusi akakata simu apate kukaa chini.

Basi akaishi Maskati yake ya chumbani, dirisha limefungwa, akikoholea kwenye mto wa kulalia ili sauti isitoke. Kila jioni alisikiliza taarifa ya habari. Wagonjwa wakipungua alisema, "Tungoje wapungue zaidi." Wakiongezeka alisema, "Si nilisema?" Ukiangalia vizuri, hakukuwa na taarifa ambayo ingemtoa mle ndani.

Mzee Uweis naye ni mtu asiyesema uongo. Msikitini walipomuuliza habari za mkewe alijibu, "Yuko salama, nyumbani, alhamdulillahi." Maneno yote ya kweli. Kisha alirudi haraka kabla hawajauliza nyumbani kwa nani.

Lililomtoa Bi Harusi lilikuwa ni ukuta. Nyumba yao na ya Sidi, mama mmoja wa kijiji cha Ganda anayeuza nazi, hugawana ukuta mmoja. Linet, binti wa Sidi, alijifungua, na mwanamke fulani akaletwa kumkanda. Bi Harusi akatega sikio.

"Aaah! Mama wee!" Linet akalia upande wa pili.

"Yule anamkanda au anapasua kuni?" Bi Harusi akanong'ona. "Msikie! Na maji yenyewe ni ya vuguvugu."

"Umejuaje ya vuguvugu, na ukuta huu?" Mzee Uweis akauliza.

"Mtu akimwagiwa ya moto hulia vingine."

Siku iliyofuata kilio kikawa kile kile. Bi Harusi akazunguka chumbani, akaketi, akainuka. Mwisho akavaa buibui, akavaa nikabu, akavaa na barakoa juu ya nikabu. Korona yenyewe isingemtambua.

"Hodi! Mimi ni Bi Zena, natoka Lamu. Nimesikia hapa pana mzazi." Alijitahidi kuvuta maneno kama watu wa Lamu, lakini ilikuwa Lamu ya mtu aliyekwenda mara moja kwa maulidi.

Sidi akamtazama juu mpaka chini. "Karibu, Bi Zena. Ulimsikia ukiwa Lamu?"

"Mzazi akiumia husikika mbali."

Akaamuru maji yachemshwe upya. Akapasha mafuta ya nazi kiganjani, akaanza mabegani, akashuka polepole.

"Legeza bega, wewe! Wajikaza kama mlango wa bohari. Nimekuja kukukanda, sikuja kukuibia."

Linet, ambaye hakuwa amecheka tangu uchungu umshike, akacheka. Sidi akaongeza kuni, na bila hata kugeuka akauliza, "Na Widad je, hajambo?"

"Hajambo, ila miguu inamvimba kido..." Mkono wa Bi Harusi ukasimama.

Sidi alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu uliporudi, shoga! Mzee Uweis hana hata jino la kutafunia, lakini kila jioni anunua tambuu. Yamwendea nani?"

"Mtaa mzima wajua?"

"Mpaka paka. Tulikusitiri tu. Woga sote tunao, isipokuwa wako ulirudi na teksi."

Bi Harusi akavua barakoa, akavua na nikabu, maana joto lilikuwa limemzidi. Akaendelea kukanda, macho chini. Ndipo Linet akasema, ulimi umeanza kuwa mzito kwa usingizi, "Na Widad atakandwa na nani?"

"Nitakwenda hali ikitulia, mwanangu."

"Mimi hali yangu haikutulia. Na umekuja."

Akalala hapo hapo, mdomo wazi. Bi Harusi akabaki na kiganja juu ya mgongo ule, ulioanza ukiwa mgumu kama ubao na sasa ulipanda na kushuka kwa pumzi. Akaufikiria mgongo mwingine, aliouogesha ulipokuwa na upana wa mkono wake, na chupa ya mafuta ya zeituni inayoungoja.

Alirudi kwake kwa njia ya mbele, barakoa mahali pake, akisalimia kila mtu kwa jina.

"Baba Widad, mpigie yule wa tikiti."

"Hali imetulia?"

"Haijatulia, wala mimi sijatulia. Mpigie."

Safari hii, walipokaribia daraja la Kilifi, Kavumbi alizima redio mwenyewe.

Maskati hakupokelewa na binti, alipokelewa na karantini. Walimfungia katika chumba cha hoteli, na Widad akajifungua mama yake akiwa upande wa pili wa mji. Bi Harusi akamkandisha kwa simu ya video. "Mwambie mama mkwe ashuke chini! Chini zaidi! Hilo ni bega, jamani, nyonga iko wapi?" Huku mkono wake mwingine ukiukanda mto wa hoteli mpaka ukapasuka.

Walipomruhusu kutoka aliingia kwa Widad na begi lake, na harufu ya papa ikaingia mbele yake. Akanawa mpaka viwiko, hakuvua barakoa. Wakamletea mtoto amepakwa wanja wa kuzuia kijicho.

"Mashaallah, mzuri. Mlazeni pale, nitamwona baadaye. Widad, geuka."

Widad akageuka. Bi Harusi akamwekea viganja mgongoni, na kabla hata hajaanza, binti akalia kama mtoto aliyeanguka na kungoja kufika nyumbani ndipo alie.

"Legeza bega," Bi Harusi akasema, barakoa imeshalowa machozi.

Mama mkwe akasogeza kiti, aone vizuri.