Safari ya Kuifunga Kompyuta ya Tabora

Nilitumwa Tabora kwa sababu ya uchumba uliovunjika. Barua iliyofika ofisini kwetu Dar es Salaam haikusema hivyo. Ilisema tu kwamba mradi mmoja wa afya uliomba fundi wa kuimarisha usalama wa kompyuta yao. Mkuu wangu ndiye aliyenieleza kisa. Mashine hiyo ilitunza majina ya watu wanaotibiwa ukoma katika vijiji vya Sikonge, na jina la msichana mmoja lilikuwa limefika masikioni mwa wakwe zake watarajiwa. Wakwe wakavunja posa. Msichana akaacha dawa.

Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, mafundi wa kompyuta nchini tulikuwa wachache, nami nilikuwa nimesoma miezi sita ng'ambo, kwa hiyo nilijiona mmoja wa wakubwa wetu. Nilifunga mkoba wangu: bisibisi mbili, disketi saba, tai moja. Sijui tai ilikuwa ya nini.

Jumanne jioni treni ya reli ya kati iliondoka Dar es Salaam. Katika behewa letu alikuwamo mzee mmoja wa Urambo aliyekuwa akirudi kwao na mabati. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia nakwenda kuifunga kompyuta isiibiwe siri. Akafikiri kidogo, akauliza kama kitasa cha kawaida hakifai. Nilimweleza mpaka tukapita Morogoro. Alipolala sikujua ni usingizi au ni adabu.

Jumatano mchana tulisimama Itigi kwa muda ambao hakuna aliyetueleza sababu yake. Mzee wa Urambo alisema wapagazi wa zamani waliipita njia hii miezi mitatu na pembe za ndovu mabegani, nasi hatuna haki ya kulalamika. Nililalamika kimoyomoyo. Tulifika Tabora wakati wa magharibi, nikiwa na vumbi hadi ndani ya soksi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda ofisi ya mradi, nyumba ya matofali upande wa Kitete. Nilipokewa na Bi Zuhura, mtunza kumbukumbu, mama wa makamo wa familia ya wafanyabiashara wa mjini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaitazama tai yangu, akaniuliza kama kuna msiba.

Kompyuta yenyewe ilikuwa katika chumba cha nyuma, zawadi kutoka Ujerumani: sanduku kubwa lililohudumia skrini mbili za mezani. Bi Zuhura aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Alinieleza kwamba kesho yake asubuhi gari lingepeleka dawa Sikonge, na orodha ya nani apewe dozi gani ilikuwa humo ndani, bado haijachapwa. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kazi yangu ni ya saa moja.

Kila kompyuta ina programu ya asili iliyotiwa ndani yake kiwandani. Ndiyo inayoamka kwanza, kabla ya programu nyingine zote, na ndiyo bawabu wa nyumba. Mashine ile ilikuwa imeachwa na bawabu anayemkaribisha kila mtu. Nilitumia disketi yangu kumfundisha mambo mawili: asimwamshie mashine mtu yeyote asiyejua neno la siri, na asikubali mashine iamshwe kwa disketi ya mgeni. Neno lile limebadilishwa zamani, kwa hiyo naweza kulitaja. Nilichagua "mzinga", kwa heshima ya asali ya Sikonge, nikajisifu kwa ubunifu huo.

Nikaizima mashine. Nikaiwasha. Ikauliza neno. Nikaandika mzinga, ikakataa.

Nikaandika polepole. Ikakataa. Baada ya kila mara tatu ilijifunga kabisa, ikanilazimu kuizima na kuanza upya. Adhuhuri ilipita, alasiri ikaingia. Disketi zangu zote hazikufaa kitu, maana nilikwisha kumfundisha bawabu azikatae. Nilivua tai. Shati lilikuwa limelowa mgongoni, na kilichokuwa kichwani mwangu si sifa tena bali ni gari la asubuhi, na watu watakaotembea kutoka vijijini kuja kuambiwa warudi nyumbani.

Bi Zuhura aliingia na chai ya rangi. Alisimama nyuma yangu akatazama vidole vyangu, kisha akauliza kama neno langu lina herufi Z. Nilimjibu kwamba neno la siri haliulizwi.

"Sikulitaka neno lako," alisema. "Nakwambia tu kwamba mashine hii, kabla haijamaliza kuamka, haimjui Z. Nikiandika jina langu mapema inaniita Yuhura. Nikiiacha kidogo, inanikumbuka."

Niliweka chai chini, nikavitazama vitufe. Vitufe vilikuwa vya Kijerumani, na kwa Wajerumani Z na Y zimebadilishana nafasi. Programu kubwa ilijua jambo hilo, nami nililiweka neno wakati programu kubwa iko macho. Bawabu wa kiwandani alijua vitufe vya Kiingereza tu. Kila nilipogusa Z, yeye alisoma Y. Nikaizima mashine, nikaiwasha, nikaandika neno kwa kugusa Y mahali pa Z. Ikafunguka.

Nilimwomba Bi Zuhura achague neno jipya lisilo na herufi hizo mbili. Akaniamuru nigeuke nitazame ukutani wakati analiandika. Mpaka leo silijui.

Ijumaa nilipanda Landrova ya dawa kwenda Sikonge. Njia ilikuwa ya udongo katikati ya miombo, na mara kwa mara tulimpisha mwendesha baiskeli mwenye madebe ya asali. Zahanatini watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari. Mganga alimwita msichana mrefu aliyesimama pembeni, Kalunde, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ndiye yule wa uchumba uliovunjika. Alikuwa amerudi kuanza dawa tena baada ya kubembelezwa na mama yake.

Alinitazama moja kwa moja. "Wewe ndiye uliyefunga majina yetu?"

Nilimwambia ndiyo, na kwamba kuanzia sasa hakuna atakayeweza kuyasoma.

"Sikuuliza kuanzia sasa," alisema. "Nauliza aliyeyasoma kwanza ni nani."

Akapokea dawa zake, akaenda.

Jumamosi mchana nilikuwa stesheni ya Tabora nikisubiri treni ya kurudi, ambayo ilikuwa imechelewa. Nilinunua karanga kwa mama mmoja aliyekaa kando ya jukwaa. Nilipofungua kifuko niliona karatasi ina matundu pembeni, na nchini mwetu wakati ule karatasi ya namna hiyo ilitoka kwenye mashine za kuchapia za kompyuta tu. Nikaikunjua. Juu yake palichapwa neno ukoma, na jina la kijiji, na majina ya watu kumi na wanne.

Nilimwuliza mama wa karanga amezipata wapi karatasi hizo. Alijibu kwa furaha kwamba jirani yake, Bi Zuhura, humpa karatasi zilizoharibika kila mwisho wa mwezi. Karatasi ni adimu, na yeye ni mjane.

Nilinunua karanga zote. Kisha nikarudi Kitete kwa miguu, mkoba mkono mmoja na kapu la karanga mkono mwingine.

Bi Zuhura alisoma ile karatasi akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Alivua miwani.

"Miezi miwili nawatazama wenzangu ofisini kwa jicho baya," alisema. "Kila mtu hapa nilimshuku."

Sikuthubutu kumtania. Tulizitoa karanga vifukoni pamoja, tukazihamishia kwenye sufuria, tukazichoma karatasi zote uani. Treni ilifika na kuondoka bila mimi, nikapanda ya Jumatatu.

Baada ya wiki kadhaa nilipata barua yake. Alikuwa amekwenda Sikonge na gari la dawa akamweleza Kalunde ukweli wote. Kalunde alimwacha akae kwenye kigoda mpaka alipomaliza kufunga tumbaku, kisha akamletea maji, akasema amesikia. Dawa anaendelea nazo. Mchumba hakurudi, na Kalunde alisema hata yeye hakumwita. Mjane siku hizi anafungia karanga kwenye majani ya migomba.

Nimetumwa kuzifunga mashine nyingi tangu wakati huo. Sifungui mkoba kabla sijauliza karatasi zilizoharibika zinakwenda wapi.