Wifi Rahila na Zamu ya Badar

Wifi yangu Rahila alizaliwa Tabora, akaja Oman msichana mkubwa kufuata jamaa zake. Miaka mingi alishona nguo Firq, mpaka Mwenyezi Mungu akamkutanisha na kaka yangu Hamed, aliyefiwa na mkewe. Akamleta kwetu, nje ya Ibra.

Kwetu maisha ni falaji. Wazee wa wazee wetu walichimba njia ya maji chini kwa chini kutoka mguuni mwa jabali, na mpaka leo, alhamdulillahi, maji yanakuja yenyewe bila ya mashine. Kila shamba lina zamu yake. Zamani zamu ilipimwa kwa kivuli cha kijiti, na usiku kwa nyota. Siku hizi watu wanatazama simu. Lakini mlango wa maji ni ule ule, jiwe bapa lililozongwa matambara. Nyuma ya nyumba yetu falaji inagawika, mdomo mmoja wa kwetu, wa pili wa jirani yetu Badar. Ukiziba huu, maji yanakwenda kule.

Siku moja ya joto, Rahila bado bibi harusi, mimi na mama tulikuwa tunakwenda Sur kuhani. Mama yangu, Bi Khole, ni mtu wa Unguja mjini. Tumeshaingia garini, akakumbuka ndoo aliyoiacha inajaa nyuma ya jiko. Akaita dirishani:

"Rahila! Kafunge mfereji, mwanangu, maji yanapotea!"

"Haya, mama!"

Sasa, sisi watu wa Unguja mfereji ni ule wa kuzungusha kwa mkono, maji yakatoka. Kwa watu wa Tabora hilo ni bomba. Mfereji ni njia ya maji ardhini. Rahila akenda moja kwa moja kwenye falaji. Akaona mdomo mmoja u wazi, maji yanakimbilia nje ya ukuta wetu. Akasema moyoni, kweli yanapotea haya. Akausukumia jiwe.

Ile ilikuwa zamu ya Badar.

Tuliporudi, tanki juu ya nyumba limekauka kwa ule mfereji wa jiko uliobaki wazi, bustani imefurika, na Badar yuko mlangoni. Mama yake mzaliwa wa Pemba. Kiswahili anakijua na ulimi anao.

"Shikamoo, Bi Khole. Naona mwaka huu mnalima mpunga."

"Marahaba. Mpunga gani tena?"

"Huo unaoogelea kwenye maji yangu. Na miche yangu ya mitende niliyoipanda juzi imelala chali."

Rahila akajitokeza. "Ni mimi, kaka Badar. Mama aliniambia nifunge mfereji."

"Ya Rabbi!" Mama akakaa pale pale kizingitini. "Si ule wa nyuma ya jiko?"

"Kumbe ulitaka bomba, mama?"

Badar akacheka. "Mie nimefahamu. Lakini miche haijui lugha."

"Chukua zamu yetu ya kesho, yote," mama akamwambia. "Na utusamehe, mwanangu. Haki ya mtu nzito, sitaki kwenda nayo kaburini."

"Zamu nitachukua. Kusamehe, tungoje kwanza miche."

Mama usingizi ulimruka. Rahila ndio usiseme. Asubuhi alilitoa jiwe mwenyewe, akasimama juani mpaka maji yakafika mche wa mwisho. Akakata makuti akaitilia kivuli. Kila akisali Alfajiri huyo, na ndoo yake, kwenda kuitazama.

Mmoja mmoja ikaanza kuinua majani. Uliobaki ni ule wa pembeni, umekauka mpaka moyo. Rahila alikuwa amechutama hapo Badar alipokuja.

"Na huu, kaka?"

Badar akautikisa kidogo kwa mguu.

"Huo ulikuja mgonjwa tangu nilikoununua, Wadi Bani Khalid, haumo kwenye hesabu. Mwambie Bi Khole nimekusameheni, dunia na akhera."

Rahila hakubishana naye. Lakini maji ya ndoo yaliyosalia aliumwagia vile vile.